Majina ya Kazi: Kombani, Ramisi na Uhifadhi wa Historia ya Mitaa ya Wafanyakazi katika Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Barabara itokayo Likoni kuelekea Lunga Lunga hugawanyika Kombani. Tawi moja hupanda magharibi hadi mji wa Kwale na kuendelea Kinango. Barabara yenyewe hushika njia ya kusini, ikapita Tiwi, Ukunda na Msambweni, ikavuka mto Ramisi na kufika mpakani. Aghalabu msafiri huijua Kombani kama mahali pa kushukia au pa kubadilishia gari. Lakini ukiitazama ramani kwa jicho la historia ya kazi, njia panda hii imo baina ya vituo viwili vilivyowavuta watu kwa mshahara kwa muda wa takriban karne nzima: bandari ya Mombasa upande wa kaskazini, na mashamba ya miwa na mkonge ya Ramisi na Msambweni upande wa kusini. Watu waliokwenda na kurudi baina ya vituo hivyo ndio walioifanya pwani ya kusini iwe kama ilivyo leo. Historia yao, hata hivyo, haikuandikwa na wao wenyewe, na sehemu kubwa haikuandikwa kabisa.

Makala hii inauliza historia ya namna hiyo imehifadhiwa wapi, na mwanafasihi ana wajibu gani juu yake. Hoja yetu ni kwamba, penye ukimya wa maandishi, historia ya mitaa ya wafanyakazi imekaa katika majina: majina ya mahali, majina ya kazi, na majina ambayo watu wamepewa au wamenyimwa na dola. Jina la namna hiyo si pambo la lugha. Ni ushahidi, na katika kisa cha Wamakonde wa Kwale tutaona kuwa ushahidi wa aina hii waweza kuamua nani ni raia na nani si raia. Kwa hiyo kuukusanya na kuuchambua si kazi ya ziada inayoweza kusubiri mpaka watafiti wapate nafasi.

2. Tarihi za watawala na ukimya juu ya kazi

Pwani ya kusini si maskini wa historia. Masimulizi ya madiwani wa Vumba Kuu, waliotawala eneo la Vanga na Wasini, yalimvutia A. C. Hollis akayachapisha habari zake mwaka 1900. Masimulizi ya Mijikenda juu ya kutoka Singwaya na kuanzisha makaya yamechunguzwa na wanahistoria wengi, akiwamo Thomas Spear katika kitabu chake cha mwaka 1978. Habari za Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, zimo katika kumbukumbu za serikali na katika vinywa vya watu. Misitu ya makaya, ikiwamo Kaya Kinondo iliyo Diani, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Fort Jesus ikafuata mwaka 2011.

Tukivitazama vitu hivi kwa pamoja tunaona mfumo. Kinachohifadhiwa ni kile chenye utawala, chenye utakatifu au chenye mawe. Tarihi, kama utanzu, ina kaida zake: hufuata ukoo, hutaja nani alimrithi nani, na huhalalisha madai ya wenye mji. Utanzu huo haukuundwa ili umtaje mpagazi, mvunja mawe au mkata miwa. Si kosa la waandishi wake. Kila utanzu una macho yake. Kosa ni letu tunapodhani kuwa kisichoonwa na tarihi hakikuwapo, na tunapochukua kaida za utanzu mmoja tukazifanya kipimo cha historia nzima.

Kumbukumbu za ukoloni nazo zilikuwa na macho yake. Eneo ambalo leo ni sehemu kubwa ya Kaunti ya Kwale liliitwa na serikali ya kikoloni Wilaya ya Digo. Jina hilo lilibeba nadharia nzima: kwamba wilaya ni makazi ya kabila moja, na kwamba asiye wa kabila hilo ni mgeni anayepita. Ndani ya jalada lenye jina hilo Mdigo alikuwa mwenyeji na Mduruma jirani. Mtu aliyekuja kutoka Msumbiji kukata miwa aliingia katika hesabu ya nguvukazi, lakini si katika hesabu ya watu wa mahali. Miaka ikipita, hesabu ya nguvukazi hufungwa kiwanda kifungwapo, na mtu yule hubaki bila jalada.

Hata jina Mijikenda, ambalo leo laonekana la kale, lilienea katika matumizi ya kisiasa kuanzia miaka ya 1940, kama alivyoonyesha Justin Willis mwaka 1993. Kabla ya hapo, watu waliovuka kwenda Mombasa waliweza kujiunga na watu wa mjini kwa udugu, ndoa, dini na ulinzi wa mwenyeji, wakajulikana kwa jina jingine. Serikali ilipoanza kuyagawanya makabila kwa madhumuni ya kodi, ardhi na kazi, mlango ule ulibanwa. Jina la mtu likawa jambo la faili. Huu ndio muktadha ambamo mitaa ya wafanyakazi ilizaliwa.

3. Mji wa kazi na lugha yake

Kilindini maana yake ni penye kilindi, yaani penye maji mengi. Likoni ni penye liko, mahali pa vyombo kufikia na watu kuvukia. Majina haya yalikuwapo kabla ya magati ya maji marefu kuanza kutumika Kilindini mwaka 1926. Wahandisi walipopima walithibitisha kile ambacho lugha ilikuwa imekwisha kukitaja. Dongo Kundu nalo limehifadhi umbo la zamani la sifa ya wekundu, na kutuambia udongo wa mahali pale ulivyo, ingawa siku hizi watu wengi hulisikia kama jina la barabara na la eneo la viwanda.

Majina ya kazi yana historia nzito zaidi. Chukua neno kibarua. Kwa asili ni udogo wa barua: kijikaratasi alichopewa mtu aliyefanya kazi ya siku ili apate ujira wake. Kutoka kwenye karatasi neno likahamia kwa mtu aliyeishika, mpaka leo mtu huitwa kibarua bila yeyote kukumbuka karatasi. Uhamisho huu wa maana ni historia fupi ya mfumo wa ajira. Mfanyakazi alijulikana kwa hati ya siku moja, na kesho yake alianza upya. Kwa Wadigo wengi wa upande wa Likoni, Ng'ombeni, Waa na Kombani mfumo huo haukuwa na ubaya mtupu. Mtu aliweza kuvuka, akapakua meli siku kadhaa, akarudi kwenye minazi na mihogo yake. Serikali na kampuni za bandari zililiona jambo hilo kuwa uvivu. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya bandari ya Mombasa, ameonyesha kwamba ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya nani atakayeumiliki muda wa mfanyakazi. Neno kibarua limeuhifadhi ugomvi huo kwa namna ambayo takwimu za bandari haziwezi.

Maneno mengine yaliandamana nalo. Nyapara alikuwa msimamizi, posho ilikuwa chakula cha kupimiwa, na laini zilikuwa safu za vyumba vya wafanyakazi katika mashamba na viwanda. Kipande kilikuwa hati ya kuandikishwa ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuibeba kuanzia mwaka 1920, aghalabu katika kikebe kilichotundikwa shingoni. Neno hilo tutalirudia, kwa kuwa lina kejeli yake.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma kwa pamoja: wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani. Mgomo uliendelea kwa muda wa siku 12 hivi. Kila siku walikutana katika uwanja ambao wao wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini, na ndani ya mgomo huo kikazaliwa chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, ambaye alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kuhamishiwa Baringo. Jina la uwanja ule lastahili uhakiki wa makini. Neno maskini katika jamii ya Kiislamu ya pwani lina hadhi yake: maskini ana haki katika mali ya tajiri, na haki hiyo si hisani. Kwa kujiita maskini, watu wa bara na wa pwani, Waislamu na Wakristo, walipata jina moja lililo nje ya orodha ya makabila ya serikali, na lililobeba dai la haki ndani yake. Jina hilo lina sera nzima, nalo halikutungwa na mshairi anayejulikana.

Zanzibar, mgomo wa mwaka 1948 ulipata riwaya: Adam Shafi aliuingiza katika Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979, na vizazi vya wanafunzi vimeujua mgomo huo kupitia kitabu hicho. Mgomo wa Mombasa, uliotangulia kwa mwaka mmoja, haujapata riwaya ya Kiswahili iliyoshika nafasi kama hiyo. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa pwani ya Kenya aweza kuhitimu akiwa anawajua makuli wa Unguja na asiwajue babu zake waliovuka Likoni. Hapa twaona kuwa kuwapo au kutokuwapo kwa kazi ya fasihi ni sehemu ya historia ya kuhifadhi historia.

Kuvuka huko kwenda kazini kulikuwa na gharama nyingine. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa na watu waliokuwa wakienda kisiwani, wengi wao wafanyakazi na wachuuzi, na watu 272 wakafa. Katika maandishi tukio hilo ni idadi. Katika mitaa ya kusini ni majina ya watu, pamoja na majina ya kazi walizokuwa wakizikimbilia asubuhi ile. Idadi imekwisha kuhifadhiwa. Majina yako mikononi mwa watu ambao sasa ni wazee.

4. Ramisi, Makongeni na suala la ushahidi

Tuelekee kusini. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianzishwa mwaka 1927, miaka mitano baada ya kile cha Miwani, na kwa hiyo ni cha pili kwa ukongwe katika Kenya. Muhoroni, Chemelil na Mumias vilikuja baada ya uhuru. Ramisi haukuwa mji kwa maana ya kiserikali, lakini ulikuwa na kila kinachoufanya mtaa wa viwanda: king'ora, laini, duka, zahanati, mpira wa siku za mapumziko na lugha mchanganyiko ya kazini. Walikuwapo Wadigo, Waduruma, Wakamba, Wajaluo, Wahindi na watu kutoka Tanganyika na Msumbiji. Mwaka 1988 kiwanda kilifungwa. Mtaa uliotegemea mshahara mmoja ukabaki bila mshahara, na wengi wakatawanyika kando ya barabara, wengine kaskazini hadi Ukunda, Kombani na Likoni. Miaka mingi baadaye mwekezaji mwingine alirejesha kilimo cha miwa na kujenga kiwanda kipya, na ardhi ya shamba la zamani ikawa jambo la kesi na malalamiko. Wakazi wanaodai kuwa wazee wao walikaa mahali fulani hulazimika kulithibitisha hilo, na mara nyingi walicho nacho ni masimulizi.

Hakuna kundi lililoonja uzito wa jambo hili kama Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji, baadhi kupitia Tanganyika, kabla ya uhuru wa Kenya, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wengi walikaa karibu na Msambweni, mahali paitwapo Makongeni. Jina lenyewe lasomeka waziwazi kwa Kiswahili: ni penye makonge. Wazawa wao walizaliwa Kwale, wakasoma Kwale, wakazika Kwale, lakini hawakupewa vitambulisho. Mtu asiye na kitambulisho hakuweza kufungua akaunti, kusajili laini ya simu kwa jina lake, kupata kibali cha biashara wala kupiga kura. Vinyago vyao viliuzwa kwa watalii, nao wenyewe walihofia kukamatwa njiani.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilifungua mlango. Ilisema kwamba mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, aweza kuomba kuandikishwa kuwa raia, na ikaweka utaratibu kwa wazawa wake pia. Tazama kile ambacho sheria hiyo inadai. Inamtaka mkata mkonge, au mjukuu wake, aonyeshe kwamba siku Kenya ilipopata uhuru familia yake ilikuwa hapa. Inadai, kwa maneno mengine, historia ya mtaa. Na historia hiyo haikuwamo katika tarihi za Vumba, wala katika majalada ya Wilaya ya Digo kwa namna ambayo mjukuu angeweza kuitumia. Ilikuwamo katika kauli za wazee: alifika mwaka gani wa njaa gani, aliishi laini ipi, nyapara wake alikuwa nani, mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya bendera.

Oktoba 2016 Wamakonde na wenzao waliowaunga mkono waliondoka Kwale wakaelekea Nairobi kwa miguu kumwona Rais. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru waandikishwe kabla ya mwisho wa mwaka, na Desemba 2016 vitambulisho vikaanza kutolewa. Mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani, wavuvi walioishi Kwale na Kilifi kwa vizazi kadhaa, walitambuliwa mwaka 2023.

Hapa ndipo ilipo kejeli ya kipande. Babu alikichukia kipande, na haki alikuwa nayo: kilimfunga kwa mwajiri na kilimfanya mhalifu akikosekana nacho. Lakini kama kipande cha babu kingalihifadhiwa sandukuni, kingalikuwa hati ya thamani kuliko zote kwa mjukuu, maana kilitaja jina, mahali na kazi. Hati iliyotungwa ili kumdhibiti mtu yaweza, kizazi cha tatu, kumkomboa. Kwa sababu hiyo mhakiki hapaswi kuyagawanya maandishi na masimulizi katika kambi mbili zenye uadui, moja ya dola na moja ya umma. Apasa kuuliza kila kimoja kinaweza kushuhudia nini, mbele ya nani, na kwa faida ya nani.

Aidha, tusiufunike upande wa pili. Wamakonde waliingia uraia kwa jina la kabila, si kwa jina la wafanyakazi wa Ramisi. Dola iliwatambua kwa kuwaongeza katika orodha ileile iliyowaacha nje. Huu ulikuwa ushindi wa kweli, na hakuna aliyenyimwa haki kwa miaka 50 atakayeombwa kuukataa. Lakini historia iliyowaleta Kwale ilikuwa ya kazi, na waliishi laini moja na watu wa makabila mengine. Kisa hicho kikihifadhiwa kama kisa cha kabila tu, tutakuwa tumepoteza sura ya mtaa.

5. Ukweli wa masimulizi na mipaka ya majina

Msomaji makini atauliza: je, majina na masimulizi yaaminike? Jibu letu ni kwamba yachunguzwe kwa ukali uleule utumikao kwa hati, ingawa kwa maswali tofauti.

Mfano wa kwanza uko mlangoni petu. Anayejua Kiswahili akilisikia jina Kombani atakimbilia komba, mnyama wa usiku, na papo hapo atakuwa ametunga hadithi ya msitu uliojaa komba. Hadithi hiyo yaweza kuwa kweli. Lakini ufanano wa maneno pekee si ushahidi, hasa mahali ambapo Kiswahili na Kidigo vinapakana na maneno huhama kutoka lugha moja hadi nyingine. Jina Makongeni linaaminika zaidi kwa sababu lina mashahidi wengine: mkonge ulilimwa katika eneo hilo, na watu walioulima wapo. Kanuni ni kwamba jina lisisimame peke yake. Likipata shahidi wa ardhi, wa hati au wa kauli ya mtu mwingine, hapo linakuwa ushahidi.

Mfano wa pili unatoka mbali. Alessandro Portelli alichunguza kumbukumbu za wafanyakazi wa chuma wa Terni, mji wa viwanda wa Italia, juu ya kifo cha kijana Luigi Trastulli, aliyeuawa na polisi Machi 1949 katika maandamano ya kupinga NATO. Wengi waliosimulia walikihamisha kifo hicho hadi mwaka 1953, katika ghasia za kupinga kufukuzwa kazi. Mwanahistoria wa zamani angelisema wamekosea na kuendelea na shughuli zake. Portelli aliliona kosa lenyewe kuwa habari: jamii ilikisogeza kifo mpaka mahali kilipopata maana. Katika pwani yetu, mzee aliyefika miaka ya 1950 akisema alifika mwaka wa njaa iliyotangulia, huenda anatuambia jambo juu ya sababu ya safari yake ambalo tarehe haisemi. Mtafiti apasa kuandika yote mawili: tarehe kwa kadiri iwezavyo kuthibitishwa, na kauli kama ilivyotamkwa. Mbele ya afisa wa usajili tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuichezea.

Mfano wa tatu ni mumiani. Hadithi za watu waliokamatwa usiku na kunyonywa damu, aghalabu na watu wa zimamoto au wenye magari ya serikali, zimesimuliwa kotekote Afrika Mashariki. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha kuwa hadithi hizo zimejaa maelezo ya kazi: sare, mashine, zamu za usiku, siri za mwajiri. Hazithibitishi kwamba damu ilinyonywa. Zinathibitisha jinsi mtu alivyouona uhusiano baina ya mwili wake na kazi mpya ya mshahara. Msomi wa fasihi simulizi, aliyezoea kutenganisha tukio na maana yake, ana ujuzi ambao mwanahistoria wa takwimu anauhitaji.

6. Wajibu wa idara ya fasihi

Kutokana na haya, tunapendekeza mambo manne ambayo idara ya fasihi iliyo karibu na pwani yaweza kuyafanya bila kusubiri fedha nyingi.

Kwanza, majina madogo yakusanywe: ya vituo vya magari, viwanja, visima, laini na mashamba yaliyokwisha kugawanywa. Ramani rasmi huyaacha, na kila ujenzi wa barabara huyafuta. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaiunganisha Miritini na barabara ya Likoni huko Kibundani bila msafiri kupita feri, na eneo maalumu la kiuchumi linaendelezwa kando yake. Mji wa viwanda unasogea kuelekea Kombani. Kawaida ya miji ni kuwa mtaa mpya hupewa jina jipya na mwenye kuuza viwanja.

Pili, masimulizi ya maisha yaandikwe kwa lugha ya msimulizi na yachapishwe kwa lugha hiyo. Sarah Mirza na Margaret Strobel walifanya hivyo kwa wanawake watatu wa Mombasa: baada ya toleo la Kiingereza la mwaka 1989, maneno ya wasimulizi yalitolewa pia kwa Kiswahili. Msimulizi asiyeweza kusomewa kitabu chake hawezi kukisahihisha. Kwa upande wa Kwale hii ina maana ya Kidigo na Kimakonde pia, si Kiswahili peke yake.

Tatu, kazi isihesabiwe kwa mshahara tu. Laini za Ramisi na magati ya Kilindini yalilishwa na wanawake: wasuka makuti, wauza mahamri, wakulima wa mihogo, na wale wakaangaji wa samaki waitwao mama karanga katika pwani yetu. Hawamo katika orodha ya malipo, kwa hiyo hawamo katika historia iliyotokana na orodha hiyo. Nao ndio waliobaki mtaani kiwanda kilipofungwa, na aghalabu ndio wanaojua nani aliishi chumba kipi.

Nne, tusingoje kifo cha mahali. Uchimbaji wa mchanga wa titani huko Kwale ulianza mwaka 2013 na ukakoma Desemba 2024. Familia za Nguluku na Maumba zilihamishwa kuupisha. Katika muda wa miaka 11 vijiji viliondoka, kazi ikaja, na kazi ikaondoka. Walioifanya bado ni vijana, kumbukumbu zao ni mbichi, na picha zimo katika simu zao. Sven Lindqvist aliwahimiza wafanyakazi wa Sweden mwaka 1978 wachimbe pale waliposimama, yaani waichunguze historia ya kiwanda chao wenyewe bila kumngoja mtaalamu wa kampuni. Kwa wachimbaji wa Kwale wito huo hauhitaji tafsiri. Ramisi ilichelewa kusikilizwa kwa miaka mingi baada ya 1988. Titani haina sababu ya kuchelewa.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya mitaa ya wafanyakazi wa pwani ya kusini haikosi vyanzo, bali inakosa wasomaji wa vyanzo vyake. Tarihi za watawala, misitu ya makaya na ngome za mawe zimepata walinzi wao, na inafaa ziwe nao. Kiwanja cha Maskini, laini za Ramisi na kauli za wazee wa Makongeni havijapata. Kisa cha Wamakonde kimetufundisha kuwa ulinzi huo si anasa ya wasomi: mtu mzima aliishi bila kitambulisho kwa sababu mahali alipozaliwa hapakuwa na historia iliyokubalika.

Katika njia panda ya Kombani bado wapo watu ambao wazee wao walielekea kaskazini kwa kibarua au kusini kwa miwa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada ana la kuwauliza: mzee wako alifanya kazi wapi, na mahali hapo mlipaitaje. Aandike majibu kwa lugha waliyoyatoa, aweke nakala mbili, na moja airudishe kwao.